Mmeuliza nasomea nini huku Marekani miaka sita, haya kaeni niwajibu

Jana kwenye grupu la ukoo mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, kauliza "dada hivi hiyo PhD ya siasa ni kitu gani kinachukua miaka sita, mi namaliza UDSM mwakani nataka nije huko, niambie ukweli usinifiche", sijajibu bado shangazi akadakia kwa voisi, "siasa yenyewe iko huku, yeye kaifuata nini kwenye baridi?", mkacheka, mwingine akaandika eti narudi kugombea ubunge. Nimesikiliza nikiwa kwenye basi natoka chuo, nikacheka peke yangu kama chizi, ila naomba nijibu vizuri leo maana hii habari mnaibeba sivyo.

Ubunge, Katiba yetu ibara ya 67 inataka uwe raia, uwe na miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza na upendekezwe na chama, PhD haimo. Basi. Ningekuwa nautaka ningebaki Mbagala nigawe kanga na fulana, sio kukaa Indiana.

Huku hatufundishwi kufanya siasa, tunafundishwa kuuliza maswali kuhusu siasa, na mtu mzima analipwa kuuliza swali moja miaka mitano au saba. Idara nyingi za Marekani zimegawanywa hivi: kuna wa siasa za Marekani, hao ndio wenyeji, kuna wa mahusiano ya kimataifa, kuna wa nadharia wanaokesha na wanafalsafa kama Plato na Hobbes, halafu kuna sisi tunaoitwa siasa linganishi. Yaani Marekani ina chumba chake, sisi nchi zote zilizobaki duniani tunabanana kwenye kimoja.

Darasani kwetu tulianza tisa. Kuna kaka wa Kighana anataka kujua kwa nini machifu wengine wanagawa ardhi kwa haki na wengine wanauza mpaka makaburi. Kuna dada wa Kihindi, yeye ni halmashauri za vijiji kwao, ambako katiba tangu 1993 inawatengea wanawake theluthi moja ya viti, huyo tulipatana siku ya kwanza kwa sababu ya viti maalum vyetu vya wanawake bungeni, tukikaa jikoni chai inapoa tunabishana kama mwanamke aliyepewa kiti anasikilizwa au anapambwa tu. Kuna Mmarekani anachambua kura za Bunge lao la Congress, hajawahi kumhoji binadamu yeyote, kila kitu kiko kwenye laptopu yake. Na kuna mmoja anayechambua vita. Huyu alinikera kidogo mwanzoni maana kwenye ile data yao maarufu tukio haliwi vita mpaka wafe watu 1,000 kwenye mapigano ndani ya mwaka. Nikamuuliza Pemba Januari 2001, polisi walipoua waandamanaji, iko wapi kwenye jedwali lako, akatafuta kwa heshima kabisa, akaniambia haimo. Sio mtu mbaya, jedwali lake ndio lina matundu makubwa kama wavu wa papa.

Sasa mimi. Nilikuja na wazo la mabalozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi mmoja kwa kila nyumba kumi. Mnawajua, chama cha TANU kiliwaweka miaka ya sitini, ukihamia mtaani unaenda kujitambulisha, ukigombana na mumeo unaitwa pale, barua ya dhamana unaanzia pale. Vyama vingi viliporudi 1992 balozi akabaki wa chama tu, serikali ikawa na mwenyekiti wake wa mtaa, lakini nyie wenyewe mnajua mama balozi bado anajua nani kalala wapi. Afu Kenya mwaka 2013 baada ya lile shambulio la Westgate nao wakaanzisha nyumba kumi yao, wamechukua na jina letu lilivyo. Swali langu lilikuwa la kitoto tu: kwa nini kitu kilekile sehemu moja watu wanakiona ni jirani na sehemu nyingine wanakiona ni mpelelezi?

Nikampelekea profesa wangu nikitegemea atafurahi. Akanisikiliza, akauliza, "hii ni kesi ya kitu gani?", yaani ni mfano wa jambo gani kubwa zaidi. Nikasema ni kesi ya Tanzania. Akasema hapana, Tanzania ni mahali. Mwenzenu nilirudi chumbani nikalia, sio utani, niliona kama nimeambiwa kwetu hakutoshi kuwa swali mpaka kufanane na kwa mtu mwingine. Na ni kweli kuna dharau fulani ndani yake, mwenzangu wa Congress hajawahi kuulizwa Marekani ni kesi ya nini! Lakini pia nisiwe mwongo, lile swali lilinifaa, lilinilazimisha nitoke kwenye hadithi za mtaa wetu niseme kitu ambacho hata Mghana atakishika. Bado silipendi.

Kuna siku tulisoma utafiti wa mchumi Edward Miguel wa 2004, alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu kwetu, ambayo sa hivi iko Simiyu, akaonyesha kwamba Kenya penye makabila mengi watu wanashindwa kuchangia shule vizuri lakini Meatu kuchanganyika hakuharibu, na sababu kubwa anasema ni ile kazi ya kujenga taifa, Kiswahili, shule na kadhalika. Darasa zima likanigeukia. "Ni kweli kwenu hakuna ukabila?" Mi sijawahi kufika Meatu! Nikaanza kujieleza kuhusu Nyerere nusu saa, nimetoka nimechoka kuliko siku ya mtihani. Ndugu yangu ukija jiandae, huku utakuwa Tanzania nzima pamoja na Afrika nzima, watakuuliza habari za Nigeria.

Halafu kuna kichekesho kingine, wenzangu Wamarekani wanalipwa na serikali yao wajifunze Kiswahili, kuna fedha kabisa za hiyo kazi, wanakuja hadi Zanzibar na Arusha. Mimi niliyezaliwa nacho kinahesabika kama vile kupumua.

Masomo yenyewe, miaka miwili ya kwanza ni darasani, takwimu mpaka kichwa kinauma, kuandika programu za kompyuta, kusoma kurasa mia nne kwa wiki. Mwisho wa hapo kuna mtihani mkubwa, ukiufeli wanaweza kukupa masta wakakuaga. Yaani huku nako watu wanadisko, ila wanadisko kistaarabu, kwa imeli ya kukutakia kila la heri. Sisi tulibaki sita.

Nilipokuja fildi kukusanya data mwaka juzi mliniona nazunguka na faili mkadhani nimeajiriwa sensa. Lazima chuo kikupitishe kwanza kwenye bodi ya maadili, uwe na kibali cha utafiti cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, afu unashuka na barua mkoa, wilaya, kata, mtaa, kuna ofisi moja, siitaji, nilikaa kwenye benchi siku nne kusubiri muhuri. Bodi ya chuo ilitaka kila mtu asaini fomu ya ridhaa kabla ya kuhojiwa. Nikamfikia bibi mmoja, balozi tangu enzi za Mwinyi, nikampa fomu, akavaa miwani akasoma yote, akaniuliza "kama hakuna tatizo mbona unataka saini?" Nikaeleza. Akasema hapa imeandikwa naweza kukataa kujibu, nikasema ndio bibi, akasema haya, we ni mtoto wa nani? Akanihoji yeye saa zima, wazazi, kabila, nimeolewa au la, nani ananilipa. Ndio akafungua daftari lake la wapangaji akaanza kunisimulia. Nimepata kwenye lile daftari kuliko kwenye dodoso zangu mia mbili, na kwenye disatesheni, yaani tasnifu yangu, linachukua kurasa tatu kwa sababu profesa anasema daftari moja halithibitishi kitu. Kwenye hilo tunagombana mpaka leo.

Haya, hela, maana najua ndipo mlipokuwa mnasubiri. Nalipwa dola 2,300 kwa mwezi kabla ya kodi. Mkipiga hesabu mnaona milioni tano na ushee, mnasema dada anatunyima. Inalipwa miezi tisa, kiangazi hakuna kitu. Chumba ninachochangia ni 780, bado umeme, basi, simu, chakula, na hizo nauli na michango ya harusi ninayotuma. Na sio bumu la mkopo wa wanafunzi, ni mshahara, nasahihisha insha sitini za watoto wa mwaka wa kwanza, mimi Mmbagala nawaeleza Wamarekani kwa nini rais wao anahitaji kura 270 za wajumbe wa uchaguzi kati ya 538, na wanabisha alama. Kubeba boksi, yaani vibarua vya nje ya chuo, kwa pembeni hairuhusiwi, viza ya mwanafunzi inanipa saa 20 kwa wiki chuoni tu wakati wa masomo na hizo zote zimeishia kwenye insha.

Kazi baadaye? Nafasi za ualimu wa chuo huku ni chache, tangazo moja mnagombania mamia, wengi wanaishia kampuni za data. Na kurudi nyumbani nako wanaweza kukuuliza GPA ya digrii ya kwanza, kama haikufika 3.8 kati ya 5 hiyo PhD unaweza kukaa nayo sebuleni.

Kwa hiyo mdogo wangu, kama unataka kuitwa dokta tu, kuna njia fupi. Uingereza wanaingia moja kwa moja kwenye tasnifu, miaka mitatu minne umemaliza, ila kupata wa kukulipia ndio shughuli. Marekani usikubali kujilipia PhD hata siku moja, wakikukubali bila fedha ujue wamekukataa. Maombi mengi yanafungwa Desemba na mwanzo wa Januari, idara nyingi zimeacha kudai GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu, ada ya maombi waandikie waombe wakusamehe, wengine wanakubali. Usinitumie CV. Niandikie ukurasa mmoja, kitu gani cha siasa kimekukosesha usingizi na umekiona wapi, kwa Kiswahili tu, tutakitafsiri pamoja.

Na shangazi, nitapiga Jumapili. Sa hivi tumepishana saa nane, kwa hiyo ukiniona kimya asubuhi yako usiseme nimebadilika, nimelala.