Watafiti wanatuita tena, niende?

SWALI: Shikamoo mhariri. Kituo cha utafiti cha chuo kikuu kilituita kwenye warsha kuhusu maji ya visima. Tulijibu maswali, wakaandika, wakaondoka kimya. Sasa wanatuita kwenye mkutano wa hadhara. Kuna haja ya kwenda?

JIBU: Marahaba. Uchungu wako naujua. Nimeandika kumbukumbu za warsha kama hizo kwa miaka, na kimya cha baadaye huniuma mpaka leo. Lakini nenda. Dodoso hujibiwa na mmoja mmoja. Mkutanoni swali lako linasikika na wote. Simama mapema, kabla watu hawajaanza kutazama saa, uulize: “Yale ya mara ya kwanza yalionyesha nini?” Tamko la Helsinki, mwongozo wa maadili wa Chama cha Madaktari Duniani uliorekebishwa karibuni mwaka 2024, linataka washiriki wa utafiti wa tiba wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo, nanyi wa visima mnastahili vivyo hivyo.

Niliwahi kumwona mama mmoja akiomba kalamu ya mtafiti na kuisahihisha ramani iliyobandikwa ukutani: kisima chao kilichorwa ng'ambo ya mto, siko. Ukumbi ulinyamaza, kisha ramani ikabadilishwa palepale. Nenda na daftari, uandike watakachoahidi na tarehe yake.