Dodoma hadi Dar es Salaam kwa ndege: umbali na muda

Ndugu uliyeuliza kwa nini tiketi inaonyesha saa nzima na zaidi, wakati umbali ni mdogo: kwa mstari ulionyooka, kutoka Uwanja wa Ndege wa Dodoma hadi Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere ni takriban kilomita 390, ilhali kwa barabara kupitia Morogoro ni kama 450. Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8-Q400, ambayo angani hufikia takriban kilomita 650 kwa saa, ingemaliza safari hiyo kwa dakika 36 endapo ingekwenda kasi hiyo mwanzo hadi mwisho. Haiwezekani, kwa sababu sehemu kubwa ya safari fupi ni kupaa na kushuka, na muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena, pamoja na kusubiri zamu ya kutua. Kwa maoni yangu, foleni ya Barabara ya Nyerere ndiyo ya kuhofia zaidi.