Saul mbele ya Breaking Bad

Ndugu yangu, umeuliza kama tamthilia ya Better Call Saul, yenye kisa cha kabla ya Breaking Bad, yaifikia hiyo Breaking Bad au ni kiporo tu kilichopashwa moto. Yafikia, na pahala pengine yaipita.

Ila usiitazame kwa pupa. Breaking Bad (2008–2013) ilikukaba koo. Hii yaenda kama kahawa chungu ya barazani, kikombe kidogo kidogo. Misimu miwili ya mwanzo nilikuwa nasinzia. Usiku mmoja stima ikapotea hapa Majengo katikati ya kipindi, wallahi nikashukuru. Kisha ukaja msimu wa 3, wakili Jimmy (ndiye Saul wa baadaye) na kakake Chuck, naye wakili, wakakabiliana mbele ya jopo la mawakili. Hapo hamna bunduki wala unga, ni ndugu wawili tu wavuana nguo hadharani. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za urithi twajua kesi ya ndugu inavyonuka.

Na yule Kim, mpenzi wa Jimmy! Katika Breaking Bad hayuko kabisa, kwa hivyo misimu yote 6 roho iko juu: kafa? kakimbia? Rhea Seehorn amcheza kwa macho tu. Wale wa tuzo za televisheni za Emmy waliiteua tamthilia hii mara 53 wasiipe hata moja, sijui hao waamuzi walikuwa na lao gani.

Inaponichosha ni kwa Mike na Gus, wale wa biashara ya unga. Twajua hawafi humu, maana wamo katika Breaking Bad, sasa wasiwasi utoke wapi?

Anza na Breaking Bad lakini, la sivyo zile sehemu zisizo na rangi, za baada ya Breaking Bad, utaona televisheni imeharibika.