Kiki Ilinikimbia Ukumbini

Jumamosi iliyopita kiki ilinikimbia. Naongelea ile ngoma kubwa ya chini inayopigwa kwa mguu, siyo hizi kiki wanazotafuta wasanii mitandaoni. Ilikuwa harusi ya binamu yangu, ukumbi una marumaru zinazong'aa mpaka unajiona, na mimi, mtu wa zaidi ya miaka kumi kwenye dramu, sikubeba zulia la kutandika chini ya dramu. Rumba ya kwanza ikapita salama. Ilipofika sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, kila nikikanyaga pedali kiki inasogea mbele, mimi na kiti tunaifuata. Wimbo wa pili mguu umenyooka kama naendesha lori. MC akatania kwamba mpiga dramu naye anakwenda kutoa zawadi. Ikabidi mpwa wangu, na suti yake mpya, akae sakafuni aizuie kiki kwa mgongo, nyimbo tatu nzima. Tulipomaliza akaniambia, "Anko, figo zangu bado zinacheza."

Nimeona niandike mwenyewe kabla hamjasimuliwa. Najua wewe unayenisoma una ndoto kama zangu: siku moja ukae nyuma ya dramu zako mwenyewe, uwanja umejaa, hujaazima hata stiki. Basi nikwambie kitu kimoja tu. Kufunga dramu, yaani kuzipanga zikukae vizuri, ni nusu ya kupiga.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Mwaka 2011 nilikuwa kijana wa kwaya, Dar es Salaam. Dramu za kanisa zilikuwa zimefungwa na mtu mrefu kuliko mimi, kiti chake kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo nikakalia kile kiti cheupe cha plastiki chenye mikono. Kila nikitaka kuifikia tomu, ile ngoma inayokaa juu ya kiki, kiwiko kinagonga mkono wa kiti. Toazi lilikuwa juu, nalipiga kama naangua embe. Katikati ya mazoezi mwalimu wa kwaya akaja, akaninyang'anya stiki mbele ya soprano wote, akasema, "Wewe hupigi dramu, unapiga debe. Nenda Ubungo." Watu wakacheka. Stendi ya mabasi imeshahamia Mbezi, lakini mimi nikipita Ubungo bado shingo inapata moto.

Alikuwa na haki? Kidogo. Nilikuwa napiga vibaya. Ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kiti kinapandishwa na kushushwa.

Aliyeniambia ni mzee mmoja Mkongo, zamani alipiga kwenye bendi za dansi, wakati huo alikuwa anakuja kutengeneza spika. Alinikuta nimebaki peke yangu nahangaika. Hakupiga dramu hata moja. Alisogeza zote ukutani, akaweka kiti kingine, cha kupandisha na kushusha, katikati ya sakafu tupu, akasema, "Kaa. Fumba macho. Kanyaga." Nikakanyaga hewa. Alipoona mguu wangu wa kulia unapotua, akaleta pedali na kiki mpaka chini ya unyayo. Akaweka mguu wa kushoto kwenye haihati, yale matoazi mawili yanayobanwa kwa pedali. Sneya, ile ngoma fupi yenye mlio mkali, akaiingiza katikati ya magoti, juu kidogo ya mapaja. Tomu akazileta mikono ilipokuwa inaelekea yenyewe. Kiti nacho akakiinua mpaka mapaja yakawa yanateremka kidogo kuelekea magotini. Nilipofumbua macho kila kitu kilikuwa karibu, kama mama lishe na sufuria zake. Usiku ule nilipiga kwa muda wa saa mbili, mgongo haukuuma.

Kwa hiyo, ushauri wa kwanza: kaa kwanza, dramu zikufuate. Wa pili ni huohuo. Ukifika mahali ukakuta dramu zimefungwa na mwenzako, usione haya kuzifungua. Kaa kwanza.

Halafu ngozi. Siku hizi ni plastiki, ila jina limebaki. Sneya yangu ya inchi 14 ina skrubu nane, na mwanzoni nilikuwa nazikaza kwa kuzunguka kama saa, upande mmoja unavutika mwingine unalegea, inalia kama ndoo. Kaza moja, kisha nenda ya ng'ambo yake, kama fundi anavyokaza nati za tairi. Nusu mzunguko, nusu mzunguko. Kisha gonga taratibu karibu na kila skrubu, usikilize. Inayolia tofauti ndiyo mgonjwa. Ndani ya kiki weka blanketi kuukuu, likiigusa ngozi kidogo, isivume mpaka kesho.

Yule mzee ndiye pia aliyenifundisha kavasha, ule mdundo wa Zaiko Langa Langa, bendi iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1969. Mpiga dramu wao wa zamani, Meridjo Belobi, ndiye anayetajwa kuwa baba wa mdundo ule, na wanasimulia kwamba aliutoa kwenye mlio wa treni. Ukiusikiliza unaamini. Unakwenda, unakwenda, hauna haraka, gitaa la solo linakaa juu yake kama abiria. Leo makanisa yetu mengi yanapiga sebene, na vijana wengi wakisikia solo limeingia wanaongeza kasi kana kwamba wamefukuzwa. Treni haifanyi hivyo, jamani.

Na hapa niseme, hata kama nitachukiwa. Mnafika ibada imeanza. Mnakaa popote, mnapiga kama mnaua nyoka, halafu mnamlaumu fundi mitambo. Ufunguo wa kukazia skrubu za dramu, kitu kidogo kama kidole gumba, hamna mfukoni. Mimi leo naitwa makanisa matatu kuja kufunga tu, na yule aliyenipeleka Ubungo aliwahi kuagiza mtu aniite. Nilikwenda. Nilifika saa moja kabla, nikafunga, nikapiga, hakusema kitu. Nami sikusema.

Zulia nimenunua Jumatatu, Kariakoo, elfu thelathini baada ya kuvutana sana. Zito, rangi ya ugoro, nyuma lina mpira, kiki haiendi popote. Nikalifikisha nyumbani, nikaenda kuoga. Nilipotoka mke wangu alishalitandika sebuleni, meza juu yake. Jumapili nina ibada ya vijana. Mazungumzo yanaendelea.