Mbeya tukae wapi: Mwanjelwa, Forest au Uyole?

SWALI: Anti shikamoo. Mdogo wangu anasoma Mbeya, sasa kavunjika mguu kalazwa Hospitali ya Rufaa. Mimi na mama tunapanda basi toka Tanga tarehe 27 Julai, tutakaa siku kama 5 hivi halafu tunapitiliza Tukuyu kwenye harusi ya binamu. Hatujawahi kufika huko. Mmoja kaniambia kaeni Mwanjelwa ndo bei poa, mwingine Uyole, mwingine Forest. Mama magoti yanamsumbua. Tumsikilize nani?

Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni na mgonjwa.

Hao wote hawajakudanganya, ila kila mtu anakutajia sehemu iliyomfaa yeye. Wewe una mgonjwa wodini, maana yake asubuhi unapeleka uji, mchana chakula, jioni unarudi tena, sasa zidisha hizo safari mara siku 5 ndo uniambie hiyo bei poa ya Mwanjelwa imebaki wapi, maana kila safari ni daladala au bajaji mpaka Mafiati halafu unapandisha mjini, na ile barabara kuu ndo hiyohiyo ya malori ya Tunduma, foleni ikikaza uji unafika baridi. Simaanishi Mwanjelwa pabaya! Soko liko hapo, chakula saa zote, mchele wa Kyela, maparachichi mpaka uchoke. Lakini kelele jamani. Mimi niliwahi kulala gesti moja pale, chini baa juu vyumba, nikahesabu nyimbo mpaka saa 9 usiku.

Kwa hiyo kaeni Forest ya zamani au Uzunguni, huko ndo upande wa Rufaa, kumetulia. Bei imechangamka kidogo na migahawa ya bei ya chini sio mingi, chakula cha mgonjwa ulizieni kama loji ina jiko. Halafu kuna vilima, kwa hiyo kwa magoti ya mama usikubali kuambiwa "ni hapo tu", muulize mwenye loji kwa miguu mpaka getini ni dakika ngapi na ni mpando au tambarare. Na hakikisha mdogo wako yuko Rufaa yenyewe, kuna watu wanachanganya na Meta ambako ni kwa wazazi na watoto.

Uyole iacheni. Ni kweli njia ya Tukuyu inachepukia pale, na basi lenu litapita hapo kwanza kabla ya kufika mjini, ila ni mbali na hospitali, kama kilomita 10 hivi, na kuanzia tarehe 1 Agosti kuna maonyesho ya Nanenane viwanja vya John Mwakangale upande huohuo, vyumba vinagombaniwa. Siku ya kuondoka chukueni bajaji mapema mpaka stendi ya Nanenane, gari za Tukuyu ziko hapo.

La mwisho, baridi. Nyie watu wa Tanga hamuijui Julai ya Mbeya. Kabla hujalipa fungua bomba uone maji ya moto kwa macho yako, maana wengine "maji ya moto yapo" wanamaanisha ndoo ya kuagiza jikoni, na omba blanketi la pili mchana, usiku mhudumu keshalala. Mama mvalishe soksi humohumo kwenye basi, mkifika Makambako utanikumbuka.