Kwa Nini Timu ya Sataranji Huchangiwa Kila Safari?

SWALI: Mhariri, binti yangu hucheza sataranji shuleni, na kila timu ya taifa inapokaribia kusafiri wazazi tunaombwa mchango kwa M-Pesa. Nasikia mwenyeji wa Olimpiadi ya Sataranji huwapa wachezaji malazi na chakula. Fedha hizo basi ni za nini, na kwa nini tusicheze hapa hapa Kenya mpaka tujiweze? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, ulichosikia ni kweli, lakini ukarimu wa mwenyeji huanza timu inapowasili. Chukua mfano wa Olimpiadi ya Budapest, Hungaria, Septemba 2024. Kila timu, ya wazi (isiyobagua jinsia) na ya wanawake, huwa na wachezaji wanne mezani na mmoja wa akiba. Ukiwaongeza manahodha wao wawili, tayari unahitaji tiketi 12 za ndege. Kila mmoja alihitaji viza ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ambayo ada yake ilikuwa imepanda mwezi Juni mwaka huo hadi euro 90, pamoja na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Hayo yote hulipwa kabla mtu hajagusa kete, na fedha zikichelewa, nauli nayo huwa imepanda.

Kucheza nyumbani ni muhimu, ila hakutoshi. Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la dunia lililoundwa Paris mwaka 1924, anayetaka kuwa grandimasta, cheo cha juu kabisa cha mchezaji, lazima afikishe pointi 2500 za kupima uwezo na apate matokeo ya kiwango cha 2600 katika mashindano kadhaa yenye jumla ya michezo isiyopungua 27, akikutana na magrandimasta na, kwa kawaida, wapinzani wa mataifa mengine. Kwetu hakuna grandimasta. Amon Simutowe wa Zambia, aliyetunukiwa cheo hicho mwaka 2009, alikamilisha matokeo yake Uholanzi. Kwa jirani zetu, Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, na mwenzake Ivy Amoko walipata vyeo vyao vya kwanza katika Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012. Bila tiketi ya kwenda Istanbul, vipaji vyao vingebaki vile vile, lakini cheo kisingepatikana huko.

Zipo pia gharama zisizoonekana: ada ya uanachama wa FIDE, ada za kusajili mashindano ili pointi zihesabiwe, na ada za vyeo. Hizi hazimvutii mfadhili, kwa kuwa hakuna picha ya timu uwanja wa ndege, na ndizo zinazofaa kulipwa kwanza.

Serikali ina Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, iliyowekewa kanuni mwaka 2018, lakini mezani pake riadha na kandanda hufika na umati wa mashabiki nyuma yao, jambo ambalo sataranji haina. Ndiyo maana naona kuanza harambee baada ya mwaliko kufika ni kosa kubwa. Kampuni hupanga bajeti yake mapema, na barua inayoomba nauli ya mwezi ujao huikuta imekwisha gawanywa. Ingefaa zaidi mfadhili aombwe kugharimia ligi ya shule kwa misimu mitatu, safari ya washindi ikiwa sehemu ya mkataba huo, kisha aonyeshwe hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Vilevile, tukiwaalika magrandimasta wachache Nairobi katika mashindano ya wazi, gharama itakuwa kubwa, lakini vijana wengi watapata wapinzani wa nje bila kupanda ndege.

Mchango wako si wa bure. Hata hivyo, una haki ya kumwomba mwalimu wa klabu ya binti yako akupatie mambo mawili kabla ya kutuma shilingi nyingine: bajeti ya safari hiyo, kipengele kwa kipengele, na taarifa ya matumizi ya safari iliyotangulia.