Kabla hujampima aliyetoka ICU, jua alivyokuwa

Ukipangiwa kliniki ya kufuatilia waliotoka ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, usikimbilie vipimo. Mtu akitembea mita 380 kwa dakika sita, utasema nini? Kama kazi yake ilikuwa kubeba mizigo, amepungukiwa sana. Kama alikuwa mtu wa mkongojo tangu zamani, huenda amesharudi pale pale. Kwa hiyo waulize ndugu mapema, mgonjwa akiwa bado wodini: wiki mbili kabla hajaugua alipanda ngazi bila kupumzika? Alifanya kazi gani, na kwa saa ngapi? Dawa zake na fedha zake alizisimamia mwenyewe? Majibu yaingie kwenye faili pamoja na ngazi yake ya unyonge wa mwili, 1 (aliye imara) hadi 9 kwa kipimo cha Rockwood, ukihesabu hali ya kabla ya ugonjwa na si ya siku alipolazwa. Andika pia siku alizokaa kwenye mashine ya kupumulia na siku alizoweweseka, yaani alipochanganyikiwa akili kwa sababu ya ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ulioandikisha wagonjwa 821, ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyoweweseka kwa muda mrefu ndivyo akili yake ilivyofanya vibaya baadaye.

Kuhusu muda, mwongozo wa mwaka 2009 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka mgonjwa aonwe miezi 2 hadi 3 baada ya kutoka ICU. Wengi hurudia mwezi wa 6 na wa 12. Chagua wiki zako za kupima, kisha usizihamishe, maana mgonjwa wa wiki ya 9 na yule wa wiki ya 16 hawalinganishiki.

Siku ya kliniki anza na kichwa, malizia na miguu. Ukimtembeza kwanza, uchovu utashusha alama za kumbukumbu nawe utadhani ni ubongo. MoCA, kipimo cha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ina alama 30, na chini ya 26 huhesabiwa ni upungufu. Aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama 1. Hakikisha amevaa miwani yake na anakusikia vizuri. Kama alipewa antibiotiki za gentamisini au amikasini, masikio yenyewe huenda yameathirika, na asiyesikia maneno matano ya kukumbuka yaliyo kwenye MoCA hawezi kuyakumbuka. Tumia tafsiri iliyoidhinishwa. Usitafsiri papo hapo. Akirudi mara ya pili mpe toleo jingine, kwa sababu maswali yale yale hukaririka.

Dodoso la HADS lina maswali 14: 7 ya wasiwasi na 7 ya sonona, kila upande ukisomwa peke yake, na alama 8 au zaidi zinataka mazungumzo. Swali la kujihisi umepungua kasi hujibiwa ndiyo na karibu kila mwenye misuli dhaifu, basi tazama ni maswali gani yamepandisha jumla. IES-R, dodoso la kiwewe lenye maswali 22, ina mtego wake: inauliza kuhusu tukio. Usipomwambia wazi kuwa tukio ni kulazwa ICU, aliyeletwa na ajali ya gari atajibu kuhusu gari. Ndugu asimjazie fomu hizi, hata kwa nia njema. Na akigusia kujiua, fomu inawekwa kando: nani anaitwa siku hiyo hiyo liwe limepangwa kabla kliniki haijafunguliwa.

Kutembea dakika sita kunaonekana rahisi, na ndiko kunakoharibiwa zaidi. Ukumbi uwe wa mita 30, tambarare, wenye alama kila mita 3 na koni kila mwisho. Ukumbi mfupi humfanya ageuke mara nyingi na kupoteza mita. Usimtembeze aliyepata mshtuko wa moyo ndani ya mwezi mmoja, na fikiri mara mbili mapigo ya moyo yakizidi 120 akiwa ametulia au presha ikizidi 180/100. Usitembee ubavuni mwake, kwani atafuata mwendo wako. Maneno ya kumtia moyo yawe yale yale kwa kila mgonjwa, kila dakika. Akisimama kupumzika, saa haisimami. Baada ya nusu saa arudie, uchukue umbali mrefu zaidi. Andika fimbo aliyotumia na kiwango cha oksijeni, la sivyo kipimo kijacho hakitakuwa na cha kulinganishwa nacho. Tofauti iliyo chini ya mita 30 hivi usiishangilie.

Kuna mambo ambayo hakuna dodoso litakalokupa. Mwambie avue shati na kulivaa tena: bega lililoganda utaliona hapo. Akiburuza ncha ya mguu, fikiria neva iliyobanwa chini ya goti. Aliyewekwa bomba kooni akipumua kwa mlio, hiyo ni dharura ya leo. Kreatinini nzuri (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) isikutulize, kwani misuli ikiyeyuka kreatinini hushuka hata figo zikiwa mbovu. Pitia dawa zote. Zile za kutuliza kuweweseka mara nyingi huanzishwa ICU na hakuna anayezisitisha.

Wasiokuja ndio wanaopotosha matokeo kuliko kosa lolote la kipimo. Baadhi wamerudi kazini, wengine hawawezi kuinuka kitandani, na ukiwaacha wote nje picha itakuwa ya walio katikati tu. Chukua namba za simu za ndugu wawili kabla hajaruhusiwa. Kabla ya kupiga, hakikisha kwenye kumbukumbu za hospitali kuwa yu hai. Familia iliyofiwa isiulizwe mgonjwa anaendeleaje. MoCA ya simu ina alama 22, usiichanganye na ya 30. Kwenye fomu tenganisha aliyefariki, aliyekataa, asiyepatikana na asiyeweza. Aliyekuja kwa kiti cha magurudumu na hawezi kusimama aandikiwe mita 0 na sababu yake. Nafasi tupu ni ya yule ambaye hakupimwa kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa watu.